Kambi Isiyo ya Dhahabu

Huku kwetu ukimwambia mtu unakwenda kambini, atakuuliza mawe yametokea wapi. Kambi ni rashi. Uvumi unatoka Nyarugusu, au Mgusu, au porini upande wa Rwamgasa, kwamba kuna mtu kagonga mwamba wenye dhahabu. Kabla jua halijazama pikipiki zimeshaanza kupakia watu, sururu na maturubai. Wiki mbili tu, pori limekuwa mji: mama lishe wamepanga masufuria, karasha la kusaga mawe linanguruma usiku na mchana, na watu wamelala chini ya nailoni iliyofungwa kwenye miti minne. Mawe yakikata, mji unahama. Yanabaki mashimo na visiki.

Baba yangu ameishi maisha hayo miaka kumi na miwili. Sisi tulikuwa Shinyanga na mama, yeye alikuwa "kambini", na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Kambini ni jina la kijiji. Kwa hiyo nilipompigia simu nikamwambia, "Baba, likizo ya Juni tunataka twende na wewe na watoto tukalale kambini siku tatu," alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mumeo ameachishwa kazi?"

Ilinichukua simu tatu kumweleza. Kwamba kuna kisiwa katika mkoa huohuo wa Geita alikochimba, na ni Hifadhi ya Taifa. Kwamba mtu anaweza kulala kwenye hema kwa kupenda tu, na asubuhi asishike sururu. Kwamba wajukuu zake hawajawahi kulala mahali ambapo hawasikii redio ya jirani. Alikubali kwa sababu ya wajukuu. Yeye mwenyewe, alisema, alishalala kwenye turubai vya kutosha.

Kisiwa chenyewe ni Rubondo, kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, ziwa ambalo wazee wetu wanaliita Nyanza mpaka leo. Kisiwa kilitangazwa pori la akiba mwaka 1965 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Ukijumlisha nchi kavu, visiwa vidogo vinavyokizunguka na maji yaliyo ndani ya mpaka wake, ni kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu ya hizo ni maji. Nimekaa Shinyanga maisha yangu yote. Nimewahi kufika Serengeti na wanafunzi, nimepanda basi hadi Arusha, Dar es Salaam naijua. Rubondo, iliyo ndani ya mkoa ulio jirani na wangu, sikuwahi kuifikiria, na kila niliyemuuliza mtaani kwetu alinijibu hivyohivyo.

Tulitoka Shinyanga saa kumi na moja alfajiri, watu sita kwenye Noah: mimi, mume wangu, Baba, mwanangu mkubwa, na pacha, ambao Usukumani hawana haja ya kutafutiwa majina. Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, wana miaka tisa. Nyuma tulipakia hema mbili, magodoro ya sponji, mtungi wa gesi wa kilo 6, dumu mbili za maji, michembe ya viazi, unga, na blanketi nyingi kuliko tulizohitaji. Pale Usagara unaiacha barabara ya Mwanza mjini na kukata kushoto kwenda Kigongo.

Zamani hapo ndipo safari ilipokufa. Magari yalipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, na saa zako zote za asubuhi ziliishia kununua samaki wa kukaanga kupitia dirishani. Tangu tarehe 19 Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Baba aliomba tupunguze mwendo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akawaambia wajukuu kwamba mwaka fulani alivuka hapa na kivuko akiwa na homa kali ya malaria na gramu nne za dhahabu ndani ya soksi, na kwamba hakumwambia mtu yeyote mpaka leo. Mimi nilikuwa sijui.

Sengerema, Geita mjini, Katoro na vumbi lake la biashara, Buseresere, Chato, kisha Muganza. Lami yote. Kutoka Muganza tulishuka hadi Kasenda, kwenye bandari ndogo ambako boti ya hifadhi hupokea wageni. Wazee waliokuwa wamekaa mwaloni walimwamkia Baba, "Mwangaluka," naye akaitikia, na hapo nikaona bega lake limeshuka kidogo. Ukisalimiwa kwa lugha yako, hujafika mbali.

Lakini maji aliyaogopa. Siwezi kulipita hilo haraka, kwa sababu nadhani ndilo linalowazuia wengi wa kwetu kuliko hata fedha. Watu wa Kanda ya Ziwa tuna tarehe mbili ambazo hazihitaji maelezo: 21 Mei 1996, MV Bukoba, na 20 Septemba 2018, MV Nyerere kule Ukara. Karibu kila ukoo una jina lililobaki majini. Nahodha wa boti aliligundua hilo usoni mwa Baba bila kuambiwa. Alimfunga jaketi okozi kwa mikono yake mwenyewe, akavuta kila mkanda mara mbili, akamwonyesha mahali pa kukaa na mahali pa kushika. Kisha akamwambia, "Mzee, wewe kaa karibu yangu hapa, uniangalie ninavyoendesha. Nikikosea uniambie." Tulivuka chini ya nusu saa. Baba hakukohoa.

Unapokaribia Rubondo, kitu cha kwanza ni rangi. Sisi wa Shinyanga tumezoea kijani cha wiki sita, kinachokuja na mvua na kuondoka nayo. Kisiwa kile ni kijani hadi kwenye ukingo wa maji, kijani kizito kinachokaribia weusi, miti imeinama ziwani kana kwamba inakunywa. Sehemu kubwa ya ardhi ni msitu: mikuyu yenye mizizi inayoning'inia kutoka kwenye matawi, mikindu kwenye kingo za maji, mafunjo kwenye vinamasi. Tulishukia upande wa magharibi, na gari la hifadhi likatuvusha kwenda Kageye, makao makuu, yaliyo upande wa mashariki. Njiani jua lilikuwa likikatika na kurudi, likikatika na kurudi, na Kulwa akauliza kama kutanyesha. Hakuwahi kuwa ndani ya kivuli kirefu kiasi kile.

Ni lazima niseme kwa nini. Shinyanga haikuzaliwa tupu. Ilikuwa na miombo na migunga, na ndani yake kulikuwa na ndorobo, nzi anayeua ng'ombe kwa nagana na kuwapa watu malale. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilitangaza vita juu yake, na Shinyanga ndiyo iliyofanywa makao ya vita hiyo. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa ndorobo Tanganyika mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, aliamini kwamba nzi huyu hawezi kuishi bila kivuli cha vichaka. Watu waliitwa kwa maelfu kufyeka. Ndorobo aliondoka kweli. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikafuata, na kilichokuwa kimebaki kikaenda kwenye kuni, mkaa na nguzo. Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mkoa wetu uliitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao busara yake kubwa ilikuwa kuacha kutufundisha na kuanza kutuuliza. Walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuzuia kipande cha malisho masika ili kifunguliwe kiangazi, na ngitili zikarudisha miti katika maelfu kwa maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Najivunia ngitili kuliko almasi ya Mwadui. Lakini ngitili ni kichaka chenye nidhamu. Msitu ambao umeachwa ukue kama unavyotaka, hatuna.

Na yule ndorobo aliyefukuzwa kwetu, tulimkuta Rubondo.

Alimwanza Doto. Doto alikuwa amevaa sweta la shule, la bluu, na mhifadhi aliyetupokea alimtazama akatikisa kichwa. Ndorobo anapenda bluu na nyeusi. Ndiyo maana wanaomtega huning'iniza vitambaa vya rangi hizo vilivyotiwa dawa, naye huvifuata mwenyewe. Tulimvua Doto sweta, tukamvalisha shati la kaki la kaka yake lililomfika magotini, na adha ikapungua. Mmoja tulimuua kwenye kioo cha gari, watoto wakamchunguza. Ni mdogo kuliko nilivyowaza, wa rangi ya udongo, na anakunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua. Mhifadhi aliwaeleza jambo lililowashangaza hata watu wazima: ndorobo hatagi mayai kama nzi wa chooni. Anabeba mtoto mmoja tumboni, anamnyonyesha humohumo, na anamzaa akiwa funza mkubwa anayejifukia mwenyewe mchangani. Mmoja, kisha mwingine. "Kumbe ni mama," akasema Kulwa, na tangu hapo alikataa kuwapiga; akawa anawapunga tu kwa kanga yangu.

Eneo la kupigia hema liko karibu na maji, chini ya miti. Hapo Baba alibadilika. Hadi dakika hiyo alikuwa mgeni wetu, mzee aliyeletwa. Alipoona mume wangu anahangaika na zile fito za hema zinazoingiliana, alivua koti, akalitundika, akaanza kutoa amri. Hema halipigwi mlango ukitazama upepo. Usilipige chini ya tawi kavu. Ondoa mawe na vijiti chini kwa mkono, si kwa mguu, maana mguu haujui kuona. Hema zetu tulizinunua dukani kwa bei ya kawaida, na vigingi vyake vilikuwa vyembamba kama njiti za mishikaki. Baba alikizungusha kimoja kwenye vidole akakirudisha kwa mume wangu bila kusema neno.

Kisha akaenda kusimama chini ya mti mmoja, akaupima kwa macho kutoka shinani hadi penye tawi la kwanza. "Huu," alisema, "ungetoa matimba ya maduara mawili."

Kwa asiyejua: duara ni shimo la mchimbaji, na matimba ni magogo yanayopangwa ukutani mwake kuzuia lisiporomoke. Bila matimba mtu hafiki chini, na akifika hapandi. Kila duara unaloliona Geita lina msitu mdogo uliosimama ndani yake gizani. Baba hakuwa anaulilia mti wala kuutamani. Alikuwa anasema kipimo anachokijua. Amewazika wenzake ambao matimba yao yalikuwa membamba.

Usiku unaingia ghafla pale. Tulipika ugali na sato wawili tulionunua Muganza, kwenye gesi, kwa sababu kukata kuni hifadhini ni marufuku. Mbele yetu ziwa lilikuwa jeusi, na mbali kabisa ulitokea mstari wa taa, nyingi, zimenyooka kama barabara ya mji. Kaka yao mkubwa akasema ni Mwanza. Askari wa hifadhi aliyekuwa zamu akamsahihisha kwa upole: ni wavuvi wa dagaa, wanavua kwa taa usiku usio na mwezi, na wanaishia pale kwa sababu maji ya upande huu ni ya hifadhi na hayavuliwi. Samaki wanakuja kuzaliana kwenye ghuba na mafunjo ya Rubondo, sato na sangara, na wakikua wanatoka kwenda kwa wale wenye taa. Nilipenda ukweli kwamba mpaka wa hifadhi unaonekana vizuri zaidi gizani kuliko mchana. Najua pia kwamba mpaka huo haupendwi na kila mvuvi, na sidhani kwamba anayelalamika ni mtu mbaya. Ana mtumbwi, ana mkopo wa nyavu, na anawaona samaki upande wa pili.

Ya nani Rubondo? Swali hilo lilikaa nasi usiku ule, kwa sababu Baba aliuliza watu wa pale walikwenda wapi. Walikuwepo. Wazinza waliishi kisiwani wakilima na kuvua, na pori la akiba lilipotangazwa mwaka 1965 walihamishwa kwenda visiwa vya jirani na bara. Kisha wakaletwa wanyama. Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani wa Shirika la Zuolojia la Frankfurt ambaye mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege Serengeti mwaka 1959, alikitaka kisiwa hiki kiwe kama safina: mahali ambapo wanyama waliokuwa wakiwindwa bara wangepata hifadhi, maji yakiwa ukuta. Waliletwa twiga, mbega, vifaru, na baadaye tembo. Na kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya.

Hao sokwe hawatoki akilini mwangu. Wengi walikamatwa wakiwa wachanga huko Afrika Magharibi, wakakulia kwenye vizimba, wakazoea kulishwa kwa saa. Wakapandishwa meli, wakafikishwa Nyanza, mlango wa sanduku ukafunguliwa. Hakuna aliyewafundisha tunda lipi linaliwa. Walijifunza. Walianza kusuka viota mitini kama sokwe wa porini, wakazaa, na wanaoishi kisiwani leo ni watoto, wajukuu na vitukuu wao. Vifaru hawakubahatika, waliisha kwa ujangili. Tembo na twiga wapo. Kwa hiyo waliozaliwa pale walihamishwa, na waliopo sasa wengi walihamishiwa. Baba alisikiliza hadithi hiyo yote akitafuna mchembe, kisha akasema kwamba ni kama Katoro: kila unayemkuta anakuambia kwao ni kwingine.

Hakuna simba Rubondo, wala chui, wala fisi. Kwa mzazi mwenye watoto wa miaka tisa, hilo lina thamani kuliko mandhari yote. Lakini kuna mamba, kwa hiyo kuoga ziwani hapana, hata miguu tu hapana. Na kuna kiboko.

Alikuja saa saba usiku. Kwanza ulikuwa mchomoko wa majani, kama mtu anayechana nguo taratibu. Kisha pumzi, nzito, ya mnyama anayejua kwamba hakuna wa kumharakisha. Nilikuwa nimelala na pacha. Baba alikuwa hema la pili na kaka yao na mume wangu. Askari alikuwa ametueleza mapema: akija, nyamazeni, msiwashe tochi, msitoke, haja ndogo ni kwenye ndoo. Kiboko anakula majani, hana shida na mtu aliye ndani ya hema. Mtu anayemkatia njia ya kurudi majini ndiye anayeuawa. Nilijua hayo yote, na moyo wangu ulipiga hata nikaogopa atausikia. Akanguruma, kule mbali mwenzake akajibu, na ardhi ilitetemeka chini ya godoro la sponji. Doto akanishika mkono akaninong'oneza, "Mama, anakula chakula chetu?" Nikamwambia anakula chakula chake.

Alikaa kwetu labda nusu saa. Alipoondoka nilisikia sauti ya Baba kutoka hema la pili, haikuwa kubwa, ya mtu anayejiambia mwenyewe: "Kama karasha la Mgusu."

Asubuhi tulikuta nyayo. Kiboko ana vidole vinne, vyote vinagusa chini, na unyayo wake ulikuwa mpana kuliko sahani yetu ya ugali. Njia yake ya kila siku ilipita hatua kumi kutoka kwenye hema: mifereji miwili iliyochimbwa na miguu ya kushoto na ya kulia, na katikati tuta la majani lililobaki bila kukanyagwa, kama barabara ya trekta. Watoto waliifuata kwa macho hadi ilipoingia majini. Jua lilikuwa linachomoza ziwani moja kwa moja mbele yetu. Juu ya maji zilisimama nguzo mbili za moshi zilizokuwa zikipinda na upepo, nami nikadhani kuna boti inaungua. Ni visubi, wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini kwa pamoja. Furukombe alipiga ukelele wake juu ya mti mkavu, kichwa kimemrudi mgongoni.

Siku ya pili tulitembea na askari. Sokwe hatukuwaona, tuliona kiota, juu kabisa, majani yamekunjwa kuelekea ndani kama kapu. Nilidhani watoto watanuna. Walichokiona badala yake ni nzohe. Nzohe ni swala wa majimaji, na Rubondo ni kwao asilia, hakuletwa na meli. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mafunjo, ana manyoya marefu yaliyolowa, na alipoinua mguu tuliona kwato: ndefu kama vidole viwili, zimechanuka. Kwa kwato hizo anatembea juu ya matope ambayo mbuzi angezama. Akitishwa anaingia majini na kubaki pua tu juu. Kisiwani, kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kuwawinda, wamezoea kuingia hadi msituni pakavu. Yule alitutazama. Hatukusema kitu, watu sita, na askari naye hakusema. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nafundisha darasa la watoto 80. Sikumbuki lini niliwaona watoto wamenyamaza bila kuamriwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza watoto wangu wa darasani, na wale wa Katoro na Rwamgasa ambao hifadhi hawajui kama ipo. Kiingilio si ukuta. Mtanzania analipa kwa shilingi, kwa kontroli namba kupitia simu, kiingilio kinahesabiwa kwa saa 24, na mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi. Kilichokula fedha zetu ni mafuta na boti, na boti ikigawanywa kwa watoto thelathini inakuwa kitu kingine. Sheria ya madini, tangu marekebisho ya mwaka 2017, inawataka wenye migodi waandae pamoja na halmashauri mpango wa kila mwaka wa kuihudumia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na zijenge zaidi. Lakini ningeomba, kwa sauti ya mwalimu, siti moja ya basi na siti moja ya boti kwa kila mtoto wa darasa la sita wa mkoa wa Geita, mara moja tu, akalale usiku mmoja Rubondo. Mkoa huu umechimbwa tangu zama za Wajerumani. Mtoto wake ana haki ya kuona sehemu ambayo haijachimbwa.

Usiku wa pili upepo uligeuka. Ulitoka ziwani mara moja, bila kubisha, na vile vigingi vyembamba vikaruka kimoja baada ya kingine. Upande mzima wa hema letu ukatulalia usoni. Pacha walianza kulia. Nikasikia zipu ya hema la pili, nikaona tochi ikimulika kulia na kushoto, kwanza akitafuta macho ya kiboko, kisha Baba akaja akiwa na fulana na kamba ya katani aliyokuwa ameifungia begi lake. Hakugusa vigingi. Alipitisha kamba kwenye pete za hema, akaizungusha kwenye shina la ule mti alioupima siku ya kwanza, akavuta, akafunga. Fundo moja. Akavuta upande wa pili, akafunga kwenye mti mwingine. Hema likasimama kama ngoma iliyowambwa. Upepo ulipiga hadi karibu na alfajiri, halikutikisika.

Asubuhi watoto walimkalisha chini. Fundo lile alifundishwa na nani? Na Mkerewe mmoja, alisema, mvuvi aliyeacha mtumbwi akaja kuchimba, ambaye alikuwa akilifunga turubai lake hivyo, na katika mvua za mwaka mmoja kambi nzima ililowa isipokuwa yeye na waliojifunza kwake. Sifa yake, Baba alieleza, ni kwamba ukilivuta linakaza, na ukisukuma mkia wake kwa kidole gumba linafunguka mara moja. Usiku ukihitaji kukimbia huhitaji kisu. Aliwaonyesha polepole. Alipolifungua kwenye mti, alipapasa gome mahali kamba ilipopita, kuangalia kama limechubuka.

Kwenye boti ya kurudi Baba alikaa tena karibu na nahodha, safari hii wakizungumza. Doto alikuwa na kipande cha ile kamba. Alilikosea fundo Chato, akalikosea Buseresere, akakasirika Katoro. Tulipopanda daraja Baba alikuwa amelala, mdomo wazi, na Doto akanigusa bega kutoka nyuma. Alikuwa amelifunga kwenye mshikio wa mlango wa gari. Akavuta, likakaza. Akasukuma kwa kidole gumba.